Bibi Arusi Asiyepiga Magoti

Siku yangu ya kwanza kazini, mwongozaji wa kikundi chetu cha maigizo pale Bukoba mjini aliniwekea kiti kitupu, akaniambia nikisalimie kana kwamba ni mama mkwe. Nikapiga magoti kama nilivyolelewa. Akacheka hadi akashika mbavu.

"Binti, bibi arusi wa mchezo huu ana kiburi. Simama!"

Nikasimama, magoti yakajikunja tena yenyewe. Vijana, kukariri maneno ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuufundisha mwili wako kumtii mtu mwingine, na mimi ilinichukua majuma.

Taabu ilikuwa kwa mama mkwe wangu halisi, mkulima wa kahawa na migomba kule Izigo. Alikuwa amesikia kwamba mkamwana wake anazunguka na wanaume, kajipaka rangi usoni.

"Mkija kucheza huku nitatazama kwa macho yangu," alisema. "Nikiona aibu, unaacha."

Mume wangu akajifanya anafunga kamba za viatu. Nami kazi ile niliipenda jamani, niliipenda kuliko chakula.

Afisa Utamaduni akatupangia Izigo, uwanja wa shule, jukwaa la mbao juu ya mapipa. Nilivaa maleba yangu, ndiyo mavazi ya mchezo, nikatoka nyuma ya pazia. Mama mkwe alikuwa ameketi mbele kabisa! Mwigizaji mwenzangu aliyecheza mkwe akakaa kitini akingoja salamu. Nikasimama mbele yake, mikono kiunoni. Uwanja ukachafuka.

"Piga magoti, wewe! Ee waitu, jamani, huyu kalelewa wapi?"

Magoti yakataka kujikunja yenyewe. Nikiyakunja, mchezo umekufa. Nisipoyakunja, huenda kazi ndiyo imekwisha. Nikasimama.

Ndipo mama mkwe wangu akainuka, akawageukia watu.

"Nyamazeni! Huyu ni mkamwana wangu. Nyumbani ananipigia magoti kila asubuhi. Hapa yuko kazini, mwacheni afanye kazi!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, mchezo ukaendelea. Baadaye alinilaumu jambo moja tu: kwamba midomo sikuibinua vya kutosha.

Toka hapo niliigiza wilaya yote ya Muleba, kisha nikaanza kutunga tamthilia zangu. Nyingi zilizaliwa jikoni kwake. Tukimenya ndizi alinisimulia vituko vya wakwe wa kijiji, nami nikibadilisha majina tu. Wenyewe walikuja kutazama wakicheka kuliko wote.

Onyesho langu la mwisho kabla ya kustaafu lilikuwa mchezo ule ule. Mama mkwe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na safari hii mkwe nilikuwa mimi. Bibi arusi alikuwa binti wa kutoka Ijumbi niliyemfundisha mwenyewe. Ukumbi mzima ukampigia kelele apige magoti. Niliyaona yakitaka kujikunja chini ya kitenge, nikamwombea.

Nimepigiwa magoti na wengi maishani. Hakuna aliyeniheshimu kama binti yule, aliyebaki wima mbele yangu, mikono kiunoni, midomo kaibinua.