Maziwa ya mama imeshinda simulateur yangu

Mutanicheka, lakini naandika tu.

Vita imefunga barabara, njo namalizia mémoire yangu ya université huku Kibabi, kijijini kwa mama. Ordinateur yangu, kompyuta ya zamani tu, iko na simulateur: inajifanya processeur, ule ubongo wa telefone, nipime namna inafungua ukurasa moja ya internet.
Telefone ya kweli: sekunde mbili.
Simulateur yangu: siku tatu!

Leo, siku ya tatu, nakuta ordinateur imefunikwa kitenge, iko moto sawa jiko.
Ndani ya kitenge: bidon ya maziwa.

"Mama! Unaua kazi yangu!"
"Tulia, papa, mtoto wangu. Maziwa inapenda joto, njo inaganda."

Ordinateur ikazimika palepale, juu ya joto. Siku tatu, bure.
Maziwa? Imeganda vizuri sana. Nimekunywa vikombe mbili, na hasira yangu.

Semeni: nimushitaki kwa nani?

Sasa mama anauliza: "Utaiwasha tena lini? Jirani naye ameleta bidon yake."