Baba amenifokea leo

Leo baba amenifokea mbele ya watu, na nimelia kwa furaha.

Tangu apate kiharusi, miezi mitano sasa, hajatoa neno likaeleweka. Kila Jumanne mtaalamu wa mazoezi ya kuongea anampigia kwa video, sisi tukiwa huku Dongobesh.

Leo akamwonyesha picha ya jembe. "Mzee, hiki ni nini?"

Baba akahangaika, jasho likamtoka. Nikashindwa kuvumilia. "Jembe!"

"Dada, mwache ajibu mwenyewe."

Ikaja picha ya kuku. Nikafungua mdomo tena (jamani, ndivyo nilivyo).

Baba akanigeukia. "Nya... nyamaza wewe!"

Mtaalamu akapiga makofi. Mama akaacha kupepeta maharage, akasema, "Huyo sasa ndiye mume wangu."

Mshukuruni Mungu pamoja nasi.