Siku Bibi Alipopanda Gari Lililoshushwa

Hapa Tanga ninapokaa siku hizi kuna kijana jirani ambaye gari lake limeshushwa hadi linakaribia kulala. Kila likivuka tuta la barabarani hutoa mkwaruzo mrefu wa bati juu ya lami, na mimi, popote nilipo ndani ya nyumba, hukunja uso na kujishika kiuno. Wanangu hucheka. Hawajui kwamba wakati huo mama yao amerudi kijijini kwetu Gare, kwenye ukungu na baridi, akiwa na kichwa cha bibi yake mapajani.

Gari la kwanza la namna hiyo kuonekana kijijini kwetu lilikuwa la baba mdogo Fideli. Alikuwa kitinda mimba wa Bibi, na alikaa Dar es Salaam miaka mingi bila hata salamu, mpaka watu wakaacha kumwulizia kwa kuogopa kumtonesha mama yake. Kisha Krismasi moja akaibuka na gari jekundu la michezo, milango miwili, tumbo chini. Watoto tuliliita Kenge. Bibi hakutaka kulisikia jina hilo. Alilizunguka gari lile, akalipigapiga kwa kiganja kama alivyompigapiga ng'ombe wake, akawaambia wanawake wenzake wa jumuiya, "Mnaona? Mwanangu hakupotea."

Baba mdogo alipenda kutueleza ufundi wake. Wengine, alisema, wakitaka kushusha gari hununua springi fupi na shokapu zinazolingana nazo, wanatupa pesa bure. Fundi wake alizikata springi zilezile kwa grenda, kazi ikaisha. "Na bado ni laini, kama umekalia godoro!" Sisi tulioijua barabara ya Gare tuliangalia chini. Huo ulaini labda ulikuwepo kwenye lami.

Krismasi ilipopita, asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha, Bibi aliteleza kwenye shamba la kabichi akaangukia ubavu. Mguu ukageuka nje, akashindwa kuunyanyua. Kwetu mgonjwa hubebwa. Ukisikia yowe unaacha jembe, unakwenda na bega lako, na kwa kupokezana machela inateremka hadi hospitali ya Lushoto bila mgonjwa kutikisika. Wanaume walikuwa wameshafika na miti yao na blanketi pale baba mdogo alipotokea, funguo mkononi.

"Shikamooni, wazee wangu. Asanteni sana, lakini mama yangu habebwi na watu wakati mimi mwanawe nina gari."

"Marahaba," alijibu Mzee Hoza, jirani yetu, aliyekuwa akiifunga machela. "Lakini Fideli, barabara imechimbika. Hebu mwulize mama yako kwanza."

Wote tukamtazama Bibi. Alikuwa amelazwa kwenye mkeka, jasho linamtoka katika baridi ile. Alimtazama mwanawe.

"Nitapanda gari la ng'wanangu," akasema.

Kumwingiza kulikuwa kazi, kila mtu akitoa amri yake. Kiti cha mbele kililazwa, nyuma pakabaki nafasi ya mtoto tu, basi nikasokomezwa mimi nimshike kichwa.

Jamani, safari ile! Kila shimo lilipanda moja kwa moja hadi kwenye meno yangu. Springi zile hazikuwa tena na pa kubonyea, chuma kikawa kinagonga chuma, na tumbo la gari linakwaruza mawe. Bibi alijaza pindo la khanga mdomoni. Nilidhani anazuia kichefuchefu. Niliogopa atanifia mapajani, na sikujua la kufanya ila kumfuta jasho kwa kiganja, tena na tena, hata pale lilipokuwa halipo.

"Mama, unaumia?" baba mdogo aliuliza baada ya kila shimo, sauti ikizidi kunywea.

Bibi aliitoa khanga mdomoni. "Hapana, baba. Gari lako laini. Endesha tu."

Kwenye kona ya mikaratusi maji yalikuwa yamekata mfereji katikati ya barabara. Kenge akanasa kwa tumbo, magurudumu ya nyuma yakazunguka hewani. Baba mdogo alishuka, akachungulia chini ya gari, akashika kichwa. Hapo ndipo wale wanaume walipojitokeza kwenye njia ya mkato, machela tupu begani. Hakuna aliyekuwa amerudi nyumbani.

Mzee Hoza aliinama dirishani. "Mama Fideli, sasa tukushushe."

"Nimeshapanda. Sishuki."

Mzee Hoza hakubishana naye. Aliifungua machela, akakunja suruali. Wakapenyeza miti ileile chini ya gari, wakalinyanyua, Bibi na mimi tukiwa ndani, wakalivusha. Wakafanya hivyo kwenye kila mfereji mpaka barabara ilipotengemaa. Mmoja alianza kucheka, wakacheka wote, hata baba mdogo, machozi yakimtiririka. Mimi sikuweza kucheka. Kichwa nilichokishika kilikuwa kinatetemeka.

Hospitalini nesi alimwuliza Bibi anaumia wapi. Badala ya kujibu, Bibi alimgeukia mwanawe. "Fideli, baba, nenda kaliangalie gari, watoto wa mjini wasije wakalichezea."

Akatoka. Mlango ulipofungwa, nesi akanyoosha mkono kuufunua mguu, na Bibi akapiga yowe ambalo sijalisikia tena kwa binadamu. Nilimrukia yule nesi, nikampiga ngumi za mgongoni, nikimlilia amwache bibi yangu.

Nilimchukia mwanamke yule kwa miaka mingi. Bibi alipona, akatembelea mkongojo hadi alipotutoka, na mimi bado niliamini kwamba nesi ndiye aliyemwumiza. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa sijazaa. Siku hizi, nikikumbuka, naona wazi kwamba mkono wa nesi ulikuwa haujafika kwenye mguu. Bibi alikuwa na lile yowe tangu Gare, na alikuwa anasubiri mtoto wake atoke.