Bomba la Kufukuzia Kwelea

Mwaka kwelea walipouvamia mtama wetu wa Itetemia, nilikuwa kibarua kwenye karakana ya reli mjini Tabora. Mke wangu alikuwa akiamia ndege peke yake tangu alfajiri, juu ya dungu la miti, kwa kombeo na debe. Sauti ilimkauka kwa kupiga kelele. Nikamwahidi kumtengenezea kitu kitakacholia kuliko debe.

Sikujua lolote kuhusu upepo. Niliomba kipande cha bomba kwenye lundo la vyuma chakavu, katikati nikafunga koki, ubavuni nikalehemu valvu ya baiskeli. Nilitaka nijaze upepo kwa pampu, nifungue koki ghafla, gunzi la hindi litoke mbele kwa kishindo. Mara ya kwanza lilikohoa tu. Fundi baiskeli mmoja wa mtaa wa Cheyo akanifundisha kupaka povu la sabuni kwenye maungio. Palipotoa mapovu ndipo palipovuja. Lakini alipoona nyuma nimeziba kwa kigingi cha mninga kilichofungwa waya, akatikisa kichwa.

"Hiki hakitakaa. Tafuta kifuniko cha chuma chenye hesi, ukikaze kwa kuzungusha."

"Nitatafuta. Kwanza ndege waondoke."

Jumapili, baada ya misa, likalia kweli. Kundi zima likanyanyuka. Mke wangu akacheka, na ilikuwa siku nyingi sijamsikia akicheka.

"Ongeza upepo," akasema.

Nikapiga pampu hadi mpini ukagoma kushuka. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijagusa koki, kigingi kikachomoka kikampiga jichoni.

Hospitalini, dresa aliyesafisha jeraha aliuliza kilichotokea. Kabla sijafungua mdomo, mke wangu akajibu, "Nimeanguka kutoka dunguni."

Tulipobaki wawili akaninong'oneza, "Wakisikia umeunda bunduki bila kibali, watakufunga."

Nikakubali. Kusema kweli nilipata nafuu moyoni, na nafuu ile inanichoma mpaka leo.

Hakuna aliyeamini habari ya kuanguka. Mama mkwe alikuja kutoka Kigwa, akamtazama binti yake usoni, hakuitikia shikamoo yangu, akaondoka naye. Karakanani wakaanza kusema napiga mke. Kila siku nilijiambia nitakwenda Kigwa kesho. Siku ya tisa nikalifunga bomba ndani ya gunia, nikapanda treni, nikalibana miguuni kila askari alipopita.

Nililiweka mbele ya baba mkwe, nikaeleza yote. Mke wangu alikuwa ameketi karibu na mama yake, kitambaa jichoni, akitazama chini.

"Kwa hiyo binti yangu amedanganya ili kukulinda," akasema mzee, "nawe ukamwachia uongo aubebe peke yake?"

"Ndiyo, Baba."

"Siku tisa?"

"Ndiyo."

Akaligeuza bomba mikononi. "Hili nimelielewa. Mtu anajaribu, anakosea. Hizo siku tisa ndizo sizielewi."

Akasema binti yake atarudi akitaka mwenyewe, si nikimtaka mimi. Nikarudi peke yangu, nikakuta mtama umebaki mabua.

Alirudi na mvua za kwanza. Jicho la kushoto likabaki kuona mwanga tu. Mwaka huo tulipanda mihogo, ambayo kwelea hawaigusi. Kwa muda mrefu, nikimjia upande ule wa kushoto, alishtuka kwanza, ndipo akaitika.