Mechi ya Alfajiri Al Qusais

Saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi, Everlyn Nekesa hatulii. Anazunguka ukingo wa uwanja wa shule moja huko Al Qusais, simu sikioni, macho getini. Ndiyo kwanza kunapambazuka, lakini joto limeshamlowesha mgongo.

Uwanjani, vijana wa kombaini ya Afrika Mashariki wanapasha misuli. Upande wa pili wapo Walebanoni wanaoishi Dubai. Hii ni raga ya ligi, ile ya wachezaji kumi na watatu kila upande, na timu hizi teule hazijawahi kukutana. Kila mtu amefika isipokuwa Muzamiru.

"Eve, yalla, tuanze!" anaita Rabih, nahodha wa Walebanoni. "Jua likipanda hatuchezi."

"Dakika tano, tafadhali."

"Hizo tano umeshaniomba."

Everlyn anatikisa kichwa kukubali. Filimbi inapulizwa.

Mwanamke huyu wa miaka thelathini na mmoja ni mpokezi katika kliniki ya meno. Alizaliwa Kakamega na kucheza raga shuleni mpaka goti lilipomkatalia. Kupanga ratiba ya mechi za kombaini si ajira, kulimwangukia tu. "Swali la nani atapanga liliulizwa kwa grupu ya simu, watu wakanyamaza," anasema. "Mimi nikajibu. Ndiyo hivyo hadi leo."

Wachezaji wake ni walinzi, wahudumu wa hoteli na wafanyakazi wa maghala. Wengi wana siku moja ya mapumziko kwa wiki, na siku ya huyu siyo ya yule.

Tarehe ya kwanza aliyoipangia mechi hii iliangukia Ramadhani. Aliyemzindua ni Bi Mahfudha, mama wa Kizanzibari mkazi wa Al Twar, anayesimamia ofisi ya shule yenye uwanja huo.

"Nikamwambia, mwanangu, nusu ya vijana wako watakuwa na saumu. Atakimbia nani?" anasimulia Bi Mahfudha huku akicheka.

Tarehe ya pili, shule ilikuwa na mashindano yake. Ya tatu, wachezaji wawili wa Rabih waliitwa kambi ya timu yao ya taifa. Kisha Rabih akapiga simu: ama Jumamosi hii, ama khalas, basi mpaka Oktoba joto lipungue.

Oktoba ingemwacha nje Muzamiru. Mganda huyo anaendesha mashine ya kuinua mizigo Jebel Ali, na ndiye aliyeanza kuwakusanya vijana kwa mazoezi miaka sita iliyopita. Mkataba wake umekwisha. Jumapili anarudi kwao Mbale, na harudi tena. Zamu yake ya mwisho ilikuwa ya usiku wa kuamkia leo, na mchana anatakiwa kukabidhi chumba cha kampuni.

"Arbab, bosi wake, alikataa kumwachilia zamu hiyo," anasema Everlyn. "Wenzangu wakaniambia timu si mtu mmoja. Sikupata usingizi. Ni timu gani hiyo, ikiwa tunamwacha aliyeianzisha?"

Ikabaki alfajiri, kati ya zamu na jua.

Kipindi cha kwanza kikielekea katikati, teksi inasimama getini. Muzamiru anashuka na koti lake la kazini linalong'aa, anavaa jezi huku akikimbia.

Mara ya kwanza anapopata mpira anamkokota Mlebanoni mzima mgongoni, na vijana wanapiga kelele. Lakini amekesha, na inaonekana. Karibu na mwisho, timu zikiwa sare, mpira unamponyoka mbele ya mstari wake mwenyewe. Mlebanoni anauokota na kuugusisha chini ng'ambo ya mstari: trai.

Everlyn, ambaye leo ndiye pia anayebadilisha wachezaji, anainua mkono kumtoa.

"Dada Eve, usinitoe," anasema Muzamiru, ameinama, anahema. "Nikitoka sasa, ndiyo basi."

Everlyn anaushusha mkono.

Wanafungwa. Wawili wa kombaini wanaondoka bila kuaga. Muzamiru anakaa kwenye nyasi na viatu vyake, havui. Rabih anamwendea, anavua jezi yake na kumtandikia mabegani.

Jumanne, kliniki, Everlyn anazungumza akiwa amesimama. Hata chai anainywea hapo hapo, wima.

"Wananilaumu, na labda wana haki," anasema. "Nilimleta mtu aliyekesha kazini agongane na watu waliolala. Hilo bado linanisumbua. Lakini ningemwacha, lingenisumbua zaidi."

Anataka sasa ratiba ya mwaka mzima itoke mapema, kabla mabosi hawajagawa likizo. Marudiano ya Oktoba Rabih ameshayakubali. Na kuna mechi nyingine: Muzamiru amempigia Everlyn simu kutoka Mbale kumwambia kwamba amepata uwanja, na klabu ya huko iko tayari kuikaribisha kombaini Desemba.

Kwa miaka mitatu Everlyn hajaenda nyumbani. Kila likizo yake aliisogeza ili mechi ya wengine ipate siku. Wiki hii ameomba ruhusa ya Desemba, na madam, bosi wake wa kliniki, ametia saini.

"Desemba tunacheza Mbale, Jumamosi, inshallah," anasema, na kwa mara ya kwanza anavuta kiti. "Jumapili yake navuka mpaka wa Malaba, naenda Kakamega kwa mama. Hiyo tarehe, mtu asiniambie tuisogeze."