Ng'ombe Mia Mbili na Kumi na Moja

Bertha alishika fimbo ya kuchungia kabla hajashika kalamu, na alipoishika kalamu akapenda hesabu kupita kiasi. Alipomaliza kidato cha nne huko Geita, baba yao akahamishia mifugo kusini, wakatua Nambambo, Nachingwea. Mzee alipofariki aliacha kauli moja: ng'ombe wagawanywe sawa kwa sawa, asibaki hata mmoja, wala asiuzwe mmoja ili hesabu ikubali. Isipokubali, kundi libaki pamoja kwa mama.

Ndugu zake sita, wanaume watupu, walitaka kugawana tangu matanga. Bertha hakutaka. Alikuwa ameachika, hana pa kwenda, na maziwa ya kundi lile ndiyo yaliyomlisha yeye na mama. Basi akawafanyia ujanja. Kila mwaka siku ya kuhesabu ilikuta kundi ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Wagawe kwa sita, wagawe kwa saba, lazima wabaki. Ndama wakizidi, aliwapeleka kwa Tunu, jirani yao mkulima, akarudi na mahindi. Kubadilishana mzee hakukukataza. Kaka zake wakasema mizimu ya baba imekataa.

Aliyejua siri ni Luka tu, kitinda mimba, aliyelelewa mgongoni kwa Bertha. Mwaka huu Bertha alimwonyesha namna kundi lilivyofika mia mbili na kumi na moja, namba iliyojitenga: kati ya mia moja tisini na tisa na mia mbili ishirini na tatu, tasa ni hiyo peke yake.

"Na akitoka mmoja, dada?"

"Tumekwisha, mdogo wangu. Mia mbili na kumi inakubali kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa sita, kwa saba. Inakubali kila mtu."

Alimwambia kwa mapenzi, maskini.

Siku ya kuhesabu ng'ombe walipita langoni mmoja mmoja, Deus, kaka mkubwa, akihesabu kwa sauti. Akaishia mia mbili na kumi. Bertha alidhani kaka kakosea, kisha akaona mtamba mwekundu hayupo.

"Nilimpeleka mnadani Ruangwa juzi," Luka alisema, macho chini. "Nilikuwa na shida zangu. Sikumuuza ili tugawane."

Hakuna aliyeshtuka, hakuna aliyemkemea. Hapo Bertha akajua kuwa wote walikwishapanga. Ilimuuma. Angesalitiwa na Deus angevumilia, lakini Luka! Akajikaza. Angalau fungu lake lipo.

"Haya, gawaneni," alisema. "Thelathini wangu watabaki hapa, na mimi na mama."

Deus alikohoa, akamtazama mdogo wake. Luka ndiye aliyejibu.

"Si thelathini, dada. Ni thelathini na tano. Tunagawana wanaume, sita."

Bertha alizidisha kichwani haraka, akiomba wawe wamekosea. Hawakukosea.