Sindano Thelathini za Buganguzi

Mimi hakukuwa na kitu kilichobaki cha kunishangaza. Nilishamwona mvuvi aliyefunikwa turubai kwenye mtumbwi kama maiti, wenzake wameshaanza kuchanga nauli ya kumrudisha kwao, akaamka na kuomba uji. Nililala ghalani bandari ya Kemondo juu ya magunia ya dagaa ya watu wengine, na miaka tisa baadaye nikalinunua ghala lenyewe. Nyumba ya kwanza ya vigae kwenye barabara yetu pale Kamachumu ni yangu, na sikukopa hata msumari. Kwa hiyo nilipoingia chuo cha afya Bukoba nikiwa na miaka arobaini na saba, kusomea utabibu pamoja na watoto wa miaka kumi na tisa, sikwenda kama mtu anayekwenda kujifunza. Nilikwenda kuchukua cheti cha kazi ninayoijua.

Nilikuwa naijua, au nilidhani naijua. Darasa la saba nilimalizia Buganguzi, nyumbani kwetu, na sikuchaguliwa kuendelea. Nikabeba makreti ya sangara bandarini, nikafanya biashara ya dagaa, mpaka nikafika visiwa vya Muleba. Kisiwa nilichokaa hakikuwa na zahanati. Kulikuwa na wavuvi wa kila kabila, na homa, na vidonda, na kifua. Mzee mmoja aliyewahi kufagia wodi na kusaidia wauguzi alinifundisha kuchoma sindano kwa wiki mbili, nikafungua duka la dawa kwenye banda la mabati. Mvuvi hataki vidonge, anataka sindano. Mimi nilimpa sindano. Wakaniita Dokta, na sikumkataza mtu.

Duka lilifungwa na wakaguzi. Kijana mmoja mwenye faili aliniuliza mbele ya wateja: "Mzee, elimu yako ni ipi?" Nikasema darasa la saba. Watu wakacheka, na waliocheka sana walikuwa wale niliowachoma mimi mwenyewe. Siku ile niliapa.

Nilirudi kwenye madaftari na kipara hiki. Nikafanya mtihani wa kuniruhusu kufika kidato cha nne, kisha kidato cha nne chenyewe kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafeli mara mbili. Mara ya tatu nikapata C ya Biolojia na D za Kemia na Fizikia. Mke wangu aliniuliza natafuta nini ambacho hatuna. Nikamwambia, jina ninaloitwa bure, nataka nilipatie karatasi.

Siku ya kwanza darasa zima lilisimama nilipoingia. Walidhani mwalimu. "Shikamoo mwalimu," wakasema kwa pamoja. Nikaitikia marahaba, taratibu kabisa, kisha nikaenda kukaa mstari wa tatu. Walicheka mpaka mwalimu wa kweli akaingia, na nikalazimika kusimama mimi pia, kumheshimu binti aliyekuwa na umri wa mwanangu wa pili. Yeye ndiye aliyetufundisha somo la dawa. Tulimwita Madam. Tukikutana koridoni ananiamkia, akiingia darasani nasimama. Ndivyo tulivyoishi.

Masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Nilipanga chumba Hamugembe, nikanunua kamusi, nikawa naandika kila neno kwa Kiswahili pembeni mpaka daftari likawa jeusi. Lakini penye vitendo sikuwa na mpinzani. Walipofundishwa kushika sindano, wale watoto mikono ilitetemeka. Mimi nilitoa hewa, nikagonga kwa kidole, nikachoma mto wa mazoezi bila kuangalia. Nikawaambia nimechoma watu wakati wao bado wananyonya. Wakaanza kunifuata wakati wa chai niwasimulie mambo ya kisiwani, na mimi kusimulia sijawahi kukataa.

Muhula wa pili Madam akaandika ubaoni jina la dawa moja: jentamaisini. Nilitabasamu. Hiyo dawa ilikuwa rafiki yangu. Niliiuza kwa boksi.

Akageuka, akanitazama. "Mzee wangu, wewe una uzoefu. Mtoto wa kilo kumi na tano, ana homa na kifua kinabana. Utampa kiasi gani?"

Nikasimama. Sikuwa na haja ya daftari. Nikasema ampulu moja, kichupa kizima, mara tatu kwa siku, siku kumi. Nikaongeza kwamba niliwahi kumpa mtoto wa namna hiyohiyo, na nikamponya.

Darasa zima liligeuka kunitazama. Nilidhani ni heshima.

Madam akaweka chaki chini. "Baada ya hapo, huyo mtoto alikuwa anasikia?"

"Alipona," nikasema.

"Sikuuliza kama alipona, baba."

Nikakaa. Akafundisha. Dawa ile ikizidi inaua figo, na inaua masikio, na masikio yakishakufa hayarudi. Kipimo cha mtoto kinahesabiwa kwa kilo zake. Nilichotaja mimi kilikuwa kipimo cha mvuvi mzima wa kuvuta nyavu. Aliandika hesabu ubaoni, wenzangu wakanakili, na mimi nikanakili.

Mtoto ninayemsema ni binti wa mdogo wangu. Alikuwa na miaka minne. Nilikuja Buganguzi kutoka kisiwani na begi langu la dawa, nikamkuta anaungua kwa homa, na watu wanazungumza kumpeleka hospitali. Nikasema hospitali ya nini na mimi nipo. Nilimchoma siku kumi, sindano thelathini, na homa ikaondoka. Mdogo wangu alinichinjia jogoo. Wiki mbili baadaye mtoto akawa haitiki akiitwa. Maneno aliyokuwa nayo yakaanza kumtoka moja moja, mpaka likabaki neno la kuomba maji, na hilo nalo likaondoka.

Sasa hapo kulikuwa na shangazi yetu, dada wa baba. Aliolewa, hakuzaa, akarudishwa, akapewa sehemu ya chini ya kibanja, pale migomba inapoishia. Yeye ndiye aliyekuwa anashinda na mtoto yule mama yake akienda shamba. Na yeye ndiye aliyesema. Alikuja mbele ya ndugu, akapiga magoti kama inavyotakiwa, akasema mtoto aliacha kusikia kuku siku ya nane ya sindano, siku mbili kabla sijamaliza. Akasema, "Ni hizi sindano, waitu, ndugu zangu. Mwacheni asichome tena watoto."

Mimi Dokta, mwenye duka, mwenye ghala, nifundishwe na mwanamke asiyejua kusoma jina lake. Nikasimama mbele ya ukoo mzima nikasema: "Mwanamke asiyezaa akimshika mtoto wa mwenzake, matokeo yake ndiyo haya." Sikutamka neno uchawi. Sikuhitaji.

Kwetu mgeni akiingia ndani, kabla ya chakula na kabla ya maneno, anapewa kahawa ya kutafuna, punje kavu kwenye kikapu kidogo. Mwenyeji anatafuna kwanza, kuonyesha haina kitu, kisha anakupa. Ukiikataa, hukukataa kahawa. Umesema kwamba huyo mtu anaweza kukuua. Tangu siku ile hakuna mtu wa ukoo wetu aliyechukua kahawa mkononi mwa shangazi. Hata msibani akipita na kikapu, watu waliangalia pembeni. Miaka kumi na miwili. Aliyeendelea kutafuna naye alikuwa mtoto yule tu, kwa sababu yeye peke yake hakusikia nililosema.

Nilikaa na jambo hili wiki tano. Sitajisifia hapo. Nilijiambia kwanza mitihani. Likatoka swali la jentamaisini, madhara yake na kipimo cha mtoto, na nililipata lote. Madam aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba nimejibu vizuri sana. Karatasi ile niliikunja nikaiweka mfukoni, na siku iliyofuata nikapanda gari kwenda Muleba, mpaka Buganguzi.

Nilianza kwa mdogo wangu. Nilimkuta anaanika kahawa uani. Nikamweleza kama nilivyofundishwa, kilo, kipimo, masikio. Hakuacha kugeuza kahawa. Nilipomaliza nikamwambia nitagharamia chochote, nitampeleka binti Mwanza kwa madaktari wa masikio, nitamtafutia shule nzuri kuliko aliyonayo.

"Watamrudishia?"

"Hapana."

Akageuza kahawa mstari mzima, akarudi. "Basi rudi ukasome, kaka. Umalize. Ujue na mengine yote uliyofanya huko kisiwani."

Sikuwa nimefikiria kisiwa. Naapa sikuwa nimefikiria. Miaka sita ya duka, na kila wiki akina mama na watoto mlangoni.

Kwa shangazi nilikwenda mchana huohuo. Amesinyaa kwa uzee, jicho moja limefunikwa na ukungu. Binti alikuwa pale anamenya ndizi, mrefu sasa, miaka kumi na sita. Aliponiona alicheka, akachora tumbo langu hewani kwa mikono. Wale wawili wana lugha yao ya vidole, hawakufundishwa na mtu, waliitunga wenyewe kwa miaka hiyo. Nilipiga magoti mbele ya shangazi, kwenye majani aliyotandika. Nikamwambia yote, na kwamba alisema kweli na mimi nilisema uongo.

Alisikiliza. Kisha akasema, "Mimi nilijua. Nilikuwa nangoja nani aje kukwambia wewe."

Nikamwomba kahawa. Akasema hana. Kikapu kilikuwa kinaning'inia nyuma yake, nakiona, na punje ndani.

Ukoo ulikaa Jumapili baada ya misa. Nilirudia maneno yangu mbele ya watu, nimesimama palepale niliposimama mara ya kwanza. Baadhi walisema nimesoma mpaka nimechanganyikiwa. Mzee wa ukoo hakucheka. Aliuliza kama nasema hivi kwa akili yangu. Nikatoa karatasi ya mtihani mfukoni kuwaonyesha, kisha nikaona aibu nikairudisha. Wakanipangia faini ya kumsafisha shangazi: ng'ombe dume wa kuchinjwa uani kwake, si kwa mtu mwingine, madumu manane ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na vitenge viwili. Na kahawa ya kutafuna, ya kutosha watu wote, apite nayo yeye mwenyewe kwa mkono wake na kila mtu achukue.

Nikasema hiyo si kitu. Nikasema ningetoa hata ng'ombe watatu. Mzee akanijibu kwamba hakuna aliyeniuliza uwezo wangu.

Siku yenyewe walikuja wengi kuliko nilivyotazamia. Walikaa kwenye majani, kuanzia mlango wa shangazi mpaka kwenye migomba. Alitoka amevaa kitenge kipya, kimekatwa lakini hakijafuliwa, kimekakamaa. Binti alimshika kiwiko kwa sababu ya jicho. Shangazi akatafuna punje kwanza, watu wote wakimtazama, akameza. Akaanza kupita. Mzee wa ukoo akachukua. Mdogo wangu akachukua, mke wake akachukua huku analia. Wake za binamu zetu, waliokuwa wanavuka njia wakimwona, wakanyoosha viganja viwili viwili. Alimpa kila mmoja punje mbili, tatu, kama mtu anayepanda.

Akafika kwangu. Nilikuwa nimeshanyoosha mikono.

Alisimama kidogo, akapita, akampa aliyekaa baada yangu.

Mikono yangu ilibaki hewani, sikujua niirudishe vipi. Binti ndiye aliyesimama. Alinitazama, akamtazama shangazi, akauliza kitu kwa vidole, nadhani aliuliza kwa nini huyu hakupewa. Shangazi akamkabidhi mtu kikapu apate mikono. Akaonyesha kidole kwangu. Kisha akajigusa pajani kwa ncha ya kidole, mara moja, mara mbili, mara tatu, akaendelea kujigusa hivyo, polepole, muda mrefu, mpaka nikajua anahesabu. Alipomaliza akajigusa sikio, akafunga kiganja.

Binti alibaki amesimama. Sijui alikuwa ameambiwa nini miaka yote ile kuhusu masikio yake, pengine homa, pengine Mungu. Alinitazama kwa namna ambayo sijaiona kwa mgonjwa wala kwa maiti, na nimeona wengi wa aina zote mbili. Kisha akamshika shangazi kiwiko, wakaendelea na mstari.

Nimerudi chuoni, nipo mwaka wa tatu. Kwenye vitendo nahesabu kilo za mtoto mara tatu, na wenzangu wananicheka kwamba mzee amekuwa mwoga. Wakati wa chai sisimulii tena.

Ng'ombe nilimnunua Muleba, rubisi nilichukua kwa mtu wa jirani, vitenge Bukoba mjini, na kahawa yenyewe, ambayo sikuionja, niliichagua kwa mkono wangu sokoni Kamachumu. Vyote pamoja nililipa shilingi milioni moja, laki moja, elfu arobaini na saba na mia tano.